Kipande cha Mkwe

Mtu mmoja aliitwa Kajiru, naye alikabidhiwa ukuta ausimamie. Haukuwa ukuta wa nyumba. Ulikuwa ukuta wa ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa milima ya Upare hulijenga ubavuni mwa mlima ili kijito kilijaze usiku kucha, na asubuhi mlango wake ufunguliwe, maji yateremke kwa mifereji hadi mashambani. Ndiva ya zamani ilikuwa imejaa tope, haitoshi tena hata kwa mashamba ya juu. Ya chini yalikuwa hoi. Mahindi huko yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, mwaka hata mwaka, na vijana wa upande huo walikuwa wameshaanza kufunga mizigo kwenda mijini. Kijiji kikakaa, kikakubaliana kujenga ndiva mpya, kubwa, kwa msaragambo, yaani kwa mikono ya wote bila ujira. Wakamchagua Kajiru awe msimamizi, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya mabwawa huko tambarare kwa miaka mingi, na kwa sababu alikuwa mtu asiyependa longolongo.

Kajiru hakuwaruhusu washike jembe siku ile. Aliwauliza kwanza wanamjengea nani. Watu wakacheka, wakamwambia wanajijengea wenyewe, nani mwingine? Akasema hapana, atajwe mtu, ajulikane. Basi wakatafuta shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, pale mlima unapoishia na nyika inapoanza, na likaonekana kuwa la mjane mmoja aitwaye Nakiete. Kajiru akainamisha macho kidogo, maana Nakiete alikuwa mama mzazi wa mke wake. Lakini jambo lilikuwa la haki, akalipokea. Akawaambia kwamba maji yakifika kwa huyo wa mwisho na kulowesha shamba lake lote, basi ndiva ni nzuri. Yasipofika, hata ukuta ukipendeza namna gani, watakuwa wamecheza. Kila mtu aliona ni neno la maana, na mwenyekiti wa ndiva, Mzee Mrindoko, akaligonga kwa fimbo yake chini kuonyesha kwamba limepita.

Kisha wakapatana vipimo, hapo hapo mbele ya wote, kabla pua ya mtu haijatoa jasho. Udongo wa ukuta utashindiliwa kwa matabaka, na hakuna tabaka litakalozidi shibiri moja ya mkono. Udongo wenyewe, kabla haujaletwa, msimamizi ataufinyanga donge na kulilaza katika beseni la maji hadi asubuhi. Donge likibaki donge, udongo unafaa. Likimumunyuka, udongo huo ukajengee banda la kuku. Na Kajiru mwenyewe atapita kila asubuhi na kipande cha nondo kilichochongwa ncha na kutiwa alama, akichome kwenye tabaka la jana. Nondo ikizama kupita alama, tabaka linafukuliwa. Ikigoma, watu waendelee. Wazee walivipenda vipimo hivyo kwa sababu havikuwa na jina la mtu. Hakuna ambaye angesema ameonewa na nondo.

Baada ya hapo ukuta ukagawanywa kama desturi ilivyo, kila ukoo kipande chake, na kila kipande mkubwa wake. Kazi ikaanza wakati wa kiangazi, watu wakiimba, wanawake wakibeba udongo kwa matenga, wanaume wakiinua magogo ya kushindilia na kuyabwaga kwa pamoja. Kajiru alikuwa anaamka na nondo yake mkononi kabla ya uji. Alikuwa mkali lakini hakuwa na maneno makali. Alipokuta kosa alilionyesha, akasubiri lifukuliwe, akachoma tena. Walionung'unika aliwajibu jibu lile lile kila siku, kwamba kosa likionekana leo wanalitoa kwa koleo, na likionekana maji yakiwa ndani watalitoa kwa nini? Wakafukua.

Siku moja nondo ilizama kama kwenye ugali katika kipande cha Sengasu, mtu mwenye sauti kubwa na kifua kikubwa zaidi. Sengasu alipandwa na hasira palepale, akaanza kuwatukana watu wa ukoo wake kwamba ni wavivu, kwamba atawatoza faini ya mbuzi. Kajiru akamwambia atulie. Akawauliza wale watu kwa nini tabaka ni laini, wakasema halikushikamana. Kwa nini halikushikamana? Gogo lilikuwa linadunda tu juu. Kwa nini linadunda? Ni jepesi. Kwa nini ni jepesi? Limekatwa kwenye mgrevilea wa pale jirani. Kwa nini mgrevilea, wakati kila mtu anajua miti migumu iko msituni juu? Basi wakatazamana, na ikajulikana kwamba siku ya kukata magogo waliotumwa juu walikuwa wazee wawili wenye maumivu ya magoti, wakaishia njiani. Hakukuwa na mvivu. Kajiru akapeleka vijana wenye nguvu msituni, wakaleta magogo mazito, na si kwa Sengasu peke yake bali kwa vipande vyote, maana magogo ya wenzake nayo yalikuwa yametoka kwenye mti ule ule. Sengasu mwenyewe, asiyemsifu mtu hovyo, alisema kwa sauti ya kusikika bonde zima kwamba huyu ndiye msimamizi. Kajiru alijisikia vizuri siku hiyo. Nani asingejisikia vizuri?

Sasa kilikuwepo kipande kimoja upande wa bondeni, pale ukuta unapokuwa mrefu kuliko kwingine kote na maji yanapokaa na uzito wote. Kilikuwa kipande cha ukoo wa Nakiete. Wanaume wa ukoo huo wengi walikuwa mijini, wengine makaburini, hivyo kazi ilifanywa na wanawake, na mkubwa wao alikuwa Nakiete mwenyewe, kwa umri na kwa heshima. Walikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Udongo waliuchukua kandokando ya kijito kwa sababu hapo palikuwa karibu, tena palikuwa laini kuchimba. Wakaumwaga, wakaushindilia kwa nguvu waliyokuwa nayo, na nguvu hiyo ilikuwa ya watu waliokwisha kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe tangu alfajiri.

Mnajua heshima ya mkwe huko kwetu. Mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mzazi wa mkewe. Akimwona njiani, anakata kona na kuingia vichakani kama mtu aliyesahau jembe. Hali naye chakula, hampi mkono, hamtazami machoni, na zaidi ya yote hamkosoi. Kumwambia mama mkwe kwamba kazi yake ina kasoro ni sawa na kumvua nguo hadharani. Kajiru alikuwa amelelewa hivyo, na tangu amwoe Niwaeli hakuwahi kuivunja heshima hiyo hata mara moja. Mkewe alijivunia jambo hilo. Akina mama kisimani walimtaja kwa mfano walipowasema wakwe zao wenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, alipomaliza kipande cha jirani na kuinua macho, akamwona Nakiete amesimama juu ya tabaka lake, kanga kiunoni, anatazama upande wake. Kajiru alisita. Nondo ikamwelemea mkononi. Akatazama chini, akashika njia ya kando inayozunguka nyuma ya mawe, akaibukia kipande kinachofuata. Alijiambia atarudi akina mama wakienda kunywa uji. Walipokwenda kunywa uji, Nakiete hakwenda, alibaki pale pale amekaa juu ya jiwe. Kajiru akasema basi, kesho. Kesho yake Nakiete alikuwa pale tena, amesimama vile vile, na Kajiru akazunguka vile vile. Ikawa ndiyo njia yake. Nyasi za nyuma ya mawe zikalala kwa kukanyagwa.

Hakuwa mjinga, alijua kwamba hakupima. Mtu hawezi kujifichia mambo hayo hata akijitahidi. Lakini alikuwa na maneno ya kujituliza, na maneno ya namna hiyo hayapungui kwa anayeyatafuta. Jioni, kila mtu akishaondoka, alikitazama kipande kile kutoka ng'ambo, na kwa kweli kilikuwa kizuri kuliko vyote. Wanawake walikuwa wamekipiga kwa viganja hadi kikang'aa kama ukuta wa nyumba iliyokandikwa kwa ajili ya harusi. Alisema moyoni, watu wanaotunza uso wa kazi namna ile hawawezi kuharibu tumbo lake. Alisema pia kwamba mama mtu mzima kama yule, aliyelea watoto na kuzika mume, hawezi kushindwa na udongo. Kuna wakati alifikiri ampe mtu mwingine nondo, Mzee Mrindoko kwa mfano, ambaye hakuwa mkwe wa mtu pale. Hilo lilikuwa jambo rahisi, la dakika moja. Akaliacha. Aliona ni vibaya zaidi, kumtuma mtu baki akamchunguze mkwe wake kana kwamba anamshuku. Na tukisema kweli yote, aliogopa kusemwa kisimani.

Sengasu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alimuuliza siku moja mbele za watu:

"Kajiru, sisi umetufukulisha mpaka viuno vimekatika. Na kile kipande cha mama mkwe nacho umekichoma?"

"Kile hakina tatizo," alisema Kajiru.

"Aa, basi wenye matatizo ni sisi!" Watu wakacheka, Kajiru naye akacheka kidogo, na jambo likaishia hapo. Lakini kuanzia siku hiyo ilijulikana kijijini kwamba kipande cha Nakiete kimepimwa na kimekubaliwa, maana msimamizi alikuwa amelitamka neno hilo kwa kinywa chake.

Ukuta ukaisha. Kajiru hakukubali maji yaingizwe kwa mkupuo. Alitaka yaingie robo kwanza, ukuta ukaguliwe, kisha nusu, ukaguliwe tena, ndipo yajae. Kwa robo hapakuwa na neno. Kwa nusu ukuta ulitoa jasho hapa na pale upande wa nje, kama udongo mpya unavyofanya, na Kajiru alikwenda penye kila jasho, akagusa, akachoma, akaweka sikio, akarudi ametulia. Upande wa bondeni, kwenye kipande cha Nakiete, palikuwa na doa la unyevu, kubwa kama ungo. Aliliona kutoka ng'ambo. Alilitazama muda mrefu, na moyo ulimwambia wazi kabisa kwamba doa lile haliko kama mengine, linashuka chini wakati mengine yanakauka. Chini ya doa walikuwa wamekaa Nakiete na wenzake, wanapumzika, wananong'ona kwa furaha ya watu waliomaliza kazi. Kuliendea doa ilikuwa lazima apite katikati yao. Na msimu ulikuwa unasukuma, watu walikuwa na mbegu mikononi, Mzee Mrindoko alikwishatangaza siku ya kufungua. Kajiru akasema ni jasho. Akasema na maji yajae.

Siku ya kufungua hakuna aliyebaki nyumbani. Mlango wa ndiva ulipoinuliwa maji yaliruka mferejini, watoto wakakimbizana nayo, na wazee wakayafuata kwa fimbo zao wakiangalia yanavyopita shamba kwa shamba. Jua lilipokuwa utosini yaliingia shamba la Nakiete. Yalizunguka kwenye matuta, yakatulia, udongo ukanywa. Nakiete alivua kandambili akaingia ndani ya maji na miguu yake, akasimama katikati ya shamba lake, na wanawake wa ukoo wake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Kajiru aliliona hilo akiwa juu, kwa mbali, na machozi yakamlenga. Wa mwisho alikuwa amefikiwa. Alifikiri kazi yake imekamilika.

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wanashuka mashambani kupanda, ndiva imejaa tena pomoni, ukuta ulifunguka. Waliokuwa chini walisikia mngurumo, wakatupa majembe, wakapanda juu ya mawe, na tushukuru, hakufa mtu. Lakini ukuta ulikatika upande ule wa bondeni, pale pale penye doa, na maji yote yakashuka kwa pamoja. Mashamba ya chini yalikuwa yamejengwa kwa ngazi za mawe, na udongo wake ulibebwa na mababu kwa matenga, kizazi baada ya kizazi, kutoka huko juu. Maji hayakusaza ngazi hata moja. Yalichukua matuta, yakachukua udongo, yakachukua na mawe, yakabakiza mwamba mtupu unaometameta juani. Shamba likikauka, mtu husubiri mvua. Shamba lililoondoka na udongo wake halina cha kusubiri.

Watu wakapanda kutazama pengo. Ukuta uliokatika hausitiri kitu, na matabaka yalionekana yote, kila mtu aliweza kuyahesabu moja moja. Kwenye vipande vya pande mbili yalikuwa membamba na yamekaza, shibiri juu ya shibiri. Katikati, kwenye kipande cha Nakiete, yalikuwa manene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko, na udongo ulikuwa wa kijitoni, nusu mchanga. Sengasu alichukua donge akalitia kwenye dimbwi lililobaki. Halikungoja asubuhi. Lilimumunyuka huku watu wanatazama, na mtu mmoja wa nyuma akasema, "Ukuta wa wajane huo." Neno hilo lilipokelewa haraka sana. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limezunguka kijiji kizima. Nakiete na wanawake wake walikuwa pale pale, wamesimama pamoja, wamejifunika kanga vichwani, na watu waliokuwa wanapita walipita mbali nao.

Jina la Kajiru halikutajwa. Nani angemtaja? Kila mmoja alikumbuka alivyofukulishwa kwa sababu ya nondo ile, kila mmoja alijua ukali wake. Na Kajiru aliungua moyoni. Alikuwa ametaka kumkinga mwanamke huyu na aibu ndogo ya asubuhi moja, aibu ya kufukua tabaka mbele ya wenzake, jambo ambalo Sengasu alilipitia na kulisahau. Badala yake alikuwa amempa aibu ya kijiji kizima, isiyo na siku ya kwisha, na pamoja nayo alikuwa amempokonya shamba. Alilia mbele ya Niwaeli, naye Niwaeli hakujua amfariji mumewe au amlilie mama yake.

Wazee walipokutana, Kajiru alisimama. Alisema kwamba kipande kile hakukipima, kwamba hakukipima hata siku moja, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni yeye na si akina mama. Alitarajia wamkemee. Alitamani wamkemee. Mzee Mrindoko akatikisa kichwa, akamtazama kwa upole uliomchoma kuliko tusi.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Tunaijua heshima yako. Mkwe ni mkwe, lakini usijitwike mzigo usio wako."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, kwamba mkwe wa namna hii hapatikani siku hizi, anayekubali kuchafuka ili mama wa mkewe abaki safi. Kajiru akarudia maneno yake, na kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kumsifu. Alitoka barazani amesifiwa, na ukweli wake ameubeba mwenyewe, kwa kuwa hakumpata wa kuupokea.

Nakiete hakuwa na mahali pa kulima tena. Mwanawe wa kiume alikuja kutoka Tanga kumchukua, akaishi naye huko kwenye chumba cha kupanga. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa imeshatangulia barabarani, alifanya jambo ambalo halifanywi. Alikwenda nyumbani kwa mkwewe. Hakuingia uani, alisimama nje, nyuma ya ua wa masale, akageuza mgongo kwa heshima, akaita. Kajiru alikuja hadi upande wa ndani wa ua, naye akainamisha kichwa. Hawakuonana nyuso. Kajiru aliomba moyoni amtukane.

"Mkwe," alisema Nakiete, "kila asubuhi niliwazuia wenzangu wasimwage udongo mpya, nikasimama pale nikisubiri ile nondo yako. Mimi udongo wa kufinyanga chungu naujua, wa kuzuia maji siujui. Ukawa unapita tu. Nikawaambia wenzangu, amepita bila kusimama, basi tumepatia."

Kajiru alisikia kandambili zikiondoka polepole kwenye changarawe, kisha hakuzisikia tena. Alibaki ameshika majani ya masale mpaka Niwaeli alipokuja kumtafuta.

Baadaye kijiji kilijenga ndiva nyingine, ndogo, ya mashamba ya juu tu, maana chini hapakuwa na udongo wa kumwagilia. Kajiru aliombwa kuisimamia akakataa, na watu wakasema ni unyenyekevu. Nakiete alifia mjini. Lile pengo lipo hadi leo, mbuzi wanapita hapo kwenda malishoni, na wachungaji wanaoliita kwa jina la mama yule hawajui alikuwa nani. Wanajua tu kwamba hapo pana mtu aliyeharibu kazi.

Basi ninyi mliopewa kusimamia kazi za watu, ninyi mnaopima kwa haki na kusifiwa kwa haki, nawauliza: yule mnayempita kila siku kwa heshima, mmewahi kusimama mkamuuliza kama anawasubiri?